Maisha ya Sayyidna Abu Huraira (R.A.) na Haki ya Paka Anayehamishwa Nyumba

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, na jamaa zake na masahaba wake wote. Amma baad.

Hapana jina la sahaba linalotajwa sana katika darasa zetu za hadithi kama jina la Sayyidna Abu Huraira, Mwenyezi Mungu amwie radhi. Mwanafunzi hulisikia tangu anapoifungua Arbaini ya Imamu Nawawi, akalisikia tena katika Riyadhu Salihina na katika Bulughul Maram, hata likakaa ulimini mwake kama jina la jirani. Lakini ukimwuliza bwana huyu alikuwa nani, alitoka wapi, na kwa nini akaitwa kwa jina la paka, wengi watanyamaza, na wengine watakupa visa visivyo na asili. Basi tumependa kuziandika habari zake kwa ufupi, na kutia ndani yake jambo ambalo watu wetu wamelifanya jepesi, nalo ni haki ya paka ambaye mwenyewe hawezi tena kukaa naye: apelekwe wapi, na kwa njia gani. Jambo hili lina mizizi katika maisha ya sahaba huyu, kama utakavyoona, ndugu msomaji.

Asili yake ni kabila la Daus, katika Azd, watu wa milima ya Sarat iliyo kusini ya Hijazi kuelekea Yaman. Azd hao ndio asili ya makabila mengi ya Omani, na watoto wa Omani wamejaa katika miji yetu ya pwani, kwa hivyo si mgeni kwetu kabisa. Kabla ya Uislamu aliitwa Abdu Shams, maana yake mtumwa wa jua, na jina kama hilo halimfai Mwislamu, akaitwa Abdurrahman. Ulamaa wamekhitalifiana sana katika jina lake na jina la babaye, hata kauli zikafika kiasi ya thelathini, na Imamu Nawawi amesema kuwa iliyo sahihi zaidi ni Abdurrahman bin Sakhr. Jina la mamaye ni Umaima. Alikua yatima, akawa kijana wa kuajiriwa kwa Busra binti Ghazwan, na ujira wake ulikuwa chakula cha tumbo lake na zamu ya kupanda mnyama safarini. Bibi huyo huyo akaja kuwa mkewe baadaye, na yeye mwenyewe alikuwa akilisimulia jambo hilo kwa kumshukuru Mola wake.

Ama sababu ya kuitwa Abu Huraira ameipokea Imamu Tirmidhi kutoka kwake mwenyewe. Alikuwa akichunga mbuzi wa watu wake, naye ana kitoto cha paka. Usiku ukiingia hukiweka juu ya mti, na kukicha hukichukua akaenda nacho machungani akicheza nacho. Watu wakamwona hivyo, wakampa kuniya ya baba wa kinyau. Kwa desturi ya Waarabu mtu huitwa kwa jina la mwanawe, huyu aliitwa kwa kiumbe alichokuwa akikilinda, na Bwana Mtume (S.A.W.) hakulibadili jina hilo kama alivyoyabadili majina mabaya, bali mara nyingi akimwita Abu Hirr. Utazame mti ule, ndugu msomaji. Kijana hana baba, hana mali, analala nje pamoja na mbuzi, na kabla ya kulala anafikiri kitoto cha paka kitalala wapi hata kisiliwe na mnyama.

Na hapa yafaa tuseme neno. Kisa kinachosimuliwa katika mabaraza, kwamba paka wa Abu Huraira alimwokoa Bwana Mtume na nyoka, na kisa cha paka wa Mtume aitwaye Muezza aliyelala juu ya mkono wa kanzu, havimo katika vitabu sita vya hadithi. Mwenye kutaka kuwapendesha watu paka asiwaambie uwongo juu ya Mtume, kwani katika yaliyo sahihi mna ya kutosha na kubaki.

Kusilimu kwake kulikuwa kwa daawa ya Tufail bin Amr, mtu mkubwa wa Daus, aliyesilimu Makka akarejea kuwalingania watu wake. Katika mwaka wa 7 wa Hijra, yapata mwaka 628 wa miladi, Abu Huraira akatoka na watu wa kabila lake kwenda Madina, naye umri wake kiasi ya miaka thelathini. Njiani mtumwa wake akapotea, na alipofika kwa Bwana Mtume mtumwa akatokea, naye akamwacha huru papo hapo kwa ajili ya Mwenyezi Mungu. Walipofika Madina walimkuta Bwana Mtume amekwenda Khaibar, basi wakamfuata huko.

Akarudi naye Madina, na Madina hakuwa na nyumba, wala shamba, wala ndugu. Akakaa katika Suffa. Suffa ilikuwa mahali nyuma ya msikiti wa Mtume palipoezekwa makuti ya mtende, wakikaa hapo maskini na wageni wasio na jamaa, hesabu yao ikizidi na kupungua, wengi wao hawana ila nguo moja. Utaratibu wa kuwalisha watu wa Suffa watu wengi hawaujui. Bwana Mtume hakuwaacha pale wangojee sadaka tu. Alikuwa akiwagawa majumbani: mwenye chakula cha wawili amchukue wa tatu, na mwenye chakula cha wanne amchukue wa tano au wa sita. Hata mgeni aliyekosa mahali jioni ile alikuwa na mtu anayejulikana, na nyumba inayojulikana, iliyompokea.

Pamoja na hayo njaa ilimwuma Abu Huraira mno. Alikuwa akijibanza tumbo chini juu ya ardhi, na mara nyingine akifunga jiwe tumboni. Siku moja alikaa katika njia wanayopita watu, akapita Sayyidna Abubakar, akamwuliza aya katika Kitabu cha Mwenyezi Mungu, wala hakuhitaji kuijua aya ila alitumaini kwamba atachukuliwa nyumbani. Akapita asitambue. Akapita Sayyidna Umar, ikawa vile vile. Kisha akapita Bwana Mtume, akamtazama, akatabasamu, akajua yaliyomo moyoni na yaliyomo usoni mwake, akamwambia amfuate. Nyumbani mkakutwa bakuli la maziwa waliloletewa zawadi. Abu Huraira akadhani atakunywa yeye, lakini akaamrishwa kwenda kuwaita watu wa Suffa wote. Nafsi yake ikaona uzito, kwani bakuli moja litawafaa nini watu wale. Walakini kumtii Mtume hakuna budi. Wakaja, wakakaa, naye ndiye aliyeamrishwa kuwanywesha mmoja baada ya mmoja, kila mmoja akinywa hata akishiba hurudisha bakuli. Walipokwisha wote wakabaki wawili, Bwana Mtume na yeye. Akaamrishwa akae anywe, akanywa, akaambiwa anywe tena, na tena, hata akaapa kwamba hana tena njia ya maziwa kupitia. Ndipo Bwana Mtume akamhimidi Mwenyezi Mungu akanywa yaliyosalia. Hadithi hii imo katika Bukhari.

Mamaye alikaa katika ukafiri muda, na kila akilinganiwa alikataa, hata siku moja akasema juu ya Bwana Mtume maneno mabaya. Abu Huraira akaenda kwa Mtume akilia, akaomba mamaye aombewe uwongofu. Akaombewa. Aliporudi alikuta mlango umerudishwa, akasikia maji yakimwagika, mamaye anaoga, kisha akafungua mlango akatamka shahada. Akarudi kwa Mtume akilia mara ya pili, na safari hii kwa furaha. Hata mamaye alipokufa alikuwa katika mikono yake, akimhudumia.

Miaka aliyokaa na Bwana Mtume haikufika minne, na hadithi zilizopokewa kwake zimehesabiwa 5374, na ndani ya hesabu hiyo mna hadithi moja iliyorudiwa kwa njia nyingi. Watu tangu zamani wamelistaajabia jambo hilo, na wengine wamemtuhumu. Jawabu yake alikwisha itoa mwenyewe: Muhajirina walikuwa wakishughulika na biashara zao sokoni, na Ansari na mashamba yao, naye alikuwa maskini anayemwandama Mtume kwa kushiba tumbo tu, akihudhuria wasipohudhuria, akihifadhi wanaposahau. Na siku moja aliamrishwa kutandaza nguo yake, kisha akaikusanya kifuani, na tangu hapo hakusahau alilolisikia. Miongoni mwa wanafunzi wake ni Said bin Musayyib, aliyemwoa bintiye, na Hammam bin Munabbih wa Yaman, ambaye sahifa aliyoiandika kwake imebaki hata ikapigwa chapa katika mwaka 1953 kwa juhudi ya Dkt. Muhammad Hamidullah.

Katika hadithi alizozipokea ni ile ya mtu aliyeshuka kisimani akajaza maji katika khofu yake, akaishika kwa meno, akapanda akamnywesha mbwa mwenye kiu, akasamehewa. Na ni ile ya mwanamke aliyeingia motoni kwa sababu ya paka: alimfunga, hakumlisha, wala hakumwachia ale wadudu wa ardhi. Hii ya pili imepokewa na Ibn Umar pia. Bibi Aisha (R.A.) alimkabili Abu Huraira kwa hadithi hii, akaona kuwa Muumini ni mtukufu mno kuadhibiwa kwa paka, na kwamba mwanamke yule alikuwa kafiri. Imamu Nawawi katika sharhi ya Muslim amesema kuwa lililo sawa ni kwamba alikuwa Mwislamu, na kwamba alitiwa motoni kwa paka yule. Neno hili lapasa kumtisha mtu.

Basi na tulete masuala yetu. Sisi tulioko huku bara, Unyambwa katika Singida, tunaona kila mwaka watu wanahama. Mfanyabiashara amefunga duka anarejea pwani. Mwalimu amepelekwa mji mwingine. Mzee amefariki na watoto wamegawana vitu. Nyumba ina paka, na paka huyo ndiye aliyelinda uwele na alizeti ghalani zisiliwe na panya, na katika vyuo ndiye anayelinda juzuu na misahafu. Siku ya kuhama wanafunga magodoro na masufuria, na paka wanamwacha uani, au wanamtia katika gunia wakamtupa karibu na soko, au usiku wanamtua katika mlango wa msikiti wakasema ndani ya nafsi zao kwamba wamempa nyumba ya Mungu. Na huko pwani habari ni hiyo hiyo, nenda Lamu uone paka walivyojaa katika vichochoro.

Hukumu ya madhehebu yetu ya Shafii iko wazi. Mwenye mnyama ni wajibu wake kumlisha na kumnywesha. Akikataa, katika mnyama asiyeliwa hulazimishwa na hakimu kumlisha au kumwuza. Hivi ndivyo ilivyo katika Minhaji. Paka wa nyumbani mwenye manufaa kumwuza kwasihi kwetu. Lakini katika Sahihi Muslim imekuja kwa Jabir bin Abdillahi kwamba Mtume alikemea thamani ya mbwa na ya paka, na Ibnul Mundhir amenakili kwamba Abu Huraira mwenyewe, baba wa kinyau, alikuwa miongoni mwa waliokataza kumwuza paka, pamoja na Tausi na Mujahid na Jabir bin Zaid, ambaye ndugu zetu Ibadhi wa Omani wanamhesabu imamu wao. Ulamaa wetu wameijibu hadithi ile kwamba ni ya paka wa mwitu asiye na nafuu, au kwamba makatazo yale ni ya kuchukiza si ya kuharimisha, ili watu wazoee kupeana paka kwa hiba na kuazimana na kusameheana, kama ilivyo ada. Hii jawabu ya pili ndiyo inayoingia moyoni. Paka hupita kutoka nyumba hata nyumba kwa mkono wa ukarimu.

Na ikiwa ni hiba, basi ina nguzo zake. Lazima awepo anayetoa, na anayepokea akakubali, na kitu chenyewe kikabidhiwe. Anayemtua paka mlangoni mwa msikiti usiku hakumpa mtu. Hapana aliyekubali wala aliyekabidhiwa. Paka bado ni wake na dhima iko shingoni mwake, ingawa amekwisha panda gari. Wala asijidanganye kwa kusema kwamba amemwachia ale wadudu wa ardhi, kwani maneno yale ni ya paka anayeweza kujitafutia. Paka aliyezaliwa jikoni akalishwa dagaa na ugali siku zote ukimtupa porini ni kama umemfunga.

Kwa hivyo anayetaka kuhama na aanze mapema, atafute mtu mwenye ghala au duka au chuo, amwambie tabia ya paka wake, anakula nini, kwamba ameua panya au ni mvivu, ni mgonjwa au mzima, kwani kuficha aibu ya mnyama ni ghushi hata katika zawadi. Kitoto kisitengwe na mamaye kabla ya kuacha ziwa; ulamaa wetu wamelikataza hilo. Na anayempokea ajue kwamba paka hupenda nyumba kuliko mtu, na akiachwa wazi siku ya kwanza atarudi alikotoka, naye akikuta mlango umefungwa atabaki juu ya ukuta analia. Amfungie ndani siku kadhaa, pamoja na chakula na maji na mchanga wa kujisaidia, hata azoee harufu ya watu wa pale. Kumfungia hivi hakuingii katika onyo la hadithi, kwa maana onyo ni la aliyefunga na akanyima. Wala asiogope kwamba atamnajisia vyombo: Abu Qatada alimwinamishia paka chombo akanywa katika maji yake ya udhu, akaeleza kwamba Mtume amesema paka si najisi, ni katika wanaotuzungukazunguka majumbani. Ikiwa umemwona paka ana najisi mdomoni, kama damu ya panya, hapo ndipo yapasa kuangalia.

Misri wafalme walilitazama jambo hili kwa njia nyingine. Sultani Dhahir Baibars, aliyetawala tangu mwaka 1260 hata 1277, aliacha shamba karibu na msikiti wake nje ya Kairo liwe wakfu wa paka wasio na wenyewe. Miaka ikapita, shamba likauzwa na kuuzwa, mapato yakawa kidogo mno. Na katika karne ya 19 Mwingereza Edward Lane aliona paka wakilishwa alasiri katika uwanja wa mahakama ya kadhi, na mtu wa Kairo aliyemchoka paka wake humpeleka akamwachia pale. Sadaka njema, na ni bora mara elfu kuliko gunia na njia ya soko. Ila paka wale walikuwa wengi na hapana mmoja wao aliyekuwa na mlango wake. Watu wa Suffa walipewa paa, kisha kila jioni wakatafutiwa nyumba, na nadhani tofauti hiyo Abu Huraira aliijua kwa tumbo lake.

Turudi katika habari zake. Sayyidna Umar alimfanya liwali wa Bahraini. Aliporudi na mali Umar akamhoji, akaeleza kwamba ni farasi waliozaliana na zawadi zilizofuatana. Umar akaichukua hata hivyo akaitia katika Baitulmali, kwa ukali wake unaojulikana kwa maliwali wote. Baadaye akamtaka tena ashike kazi, akakataa. Katika zama za Bani Umayya Marwan alikuwa akimwacha naibu wake Madina, naye huonekana akipita sokoni na mzigo wa kuni mgongoni, akiwataka watu kwa mzaha wampishe amiri njia. Abu Uthman Nahdi alikuwa mgeni wake siku saba, akaona yeye na mkewe na mtumishi wake wameugawa usiku mafungu matatu, huyu husali kisha humwamsha mwenziwe. Mali ilikuja, na nyumba akawa nayo, na mgeni katika nyumba ile hakuwa akikaa njiani kumwuliza mpita njia aya asiyoihitaji.

Alifariki Akiki, nje ya Madina, katika mwaka wa 57, na kauli nyingine 58 au 59, yaani baina ya mwaka 676 na 679 wa miladi, umri wake miaka 78. Katika maradhi yake alilia, akataja kuwa safari ni ndefu na zawadi ya njiani ni chache. Akausia wasipige hema juu ya kaburi lake, wala wasimfuate na chetezo, na waharakishe kumpeleka. Akaletwa Madina, akasaliwa na Walid bin Utba aliyekuwa liwali, na katika jeneza walikuwamo Ibn Umar na Abu Said Khudri. Watoto wa Sayyidna Uthman walilibeba jeneza lake hata Bakii, kwa kukumbuka jinsi alivyosimama pamoja na baba yao siku alipozingirwa nyumbani. Walid akampelekea Muawiya habari ya mauti yake. Jawabu ikarudi kutoka Sham: watazamwe aliowaacha, warithi wake wapewe dirhamu elfu kumi, na wakaliwe kwa ujirani mwema.